Laptopu au kompyuta ya mezani kwa ajili ya gemu: anza na pale utakapokaa

Alikuja mama mmoja kwenye meza yangu ya ufundi hapa Kariakoo akiwa na kijana wake aliyetoka JKT, nywele bado fupi, anasubiri kwenda chuo Dodoma. Kijana akaniamkia, mama akavuta stuli, akakaa na mkoba mapajani. "Fundi, nina milioni moja na laki nane. Huyu anataka kompyuta ya gemu, mimi nataka ya kusomea. Tusaidie hela isipotee."

Kijana alikuwa ameshachagua. Kwenye simu yake alinionyesha picha ya laptopu nyeusi, kibodi inawaka taa nyekundu, na chini ya picha kuna maneno "gaming, RAM 16, graphics 4GB", yaani memori ya kufanyia kazi GB 16 na kadi ya grafiki yenye memori yake ya GB 4. Sikuiangalia sana ile picha. Nilimuuliza: "Mdogo wangu, ukifika Dodoma utalala wapi?"

Wateja wengi wanaokuja kwangu huanza na mashine. Wamesikia jina la prosesa, wameona video, wamepata picha kwenye kundi la WhatsApp. Mimi huwa nawarudisha nyuma kidogo, maana kinachoamua kati ya laptopu na kompyuta ya mezani ni chumba chako, umeme wako na gemu unazocheza. Ukijibu hayo matatu kwa ukweli, nusu ya kazi imekwisha kabla hujafungua pochi.

Chumba kwanza. Kama una chumba ambacho hutahama miezi kumi na miwili ijayo, kina meza inayosimama imara na soketi ambayo hugombanii na mtu, kompyuta ya mezani itakupa nguvu zaidi kwa kila shilingi, na itaishi miaka mingi zaidi. Kama unaishi hosteli, mnalala wanne chumba kimoja na kila likizo unafungasha begi, chukua laptopu bila kujilaumu. Nimeona vijana wakibeba boksi la kompyuta kwenye basi la mkoani, limelazwa chini ya mabegi ya watu. Likifika, kadi ya grafiki imechomoka kwenye nafasi yake, na wakati mwingine imevunja kile kidude cha plastiki kinachoishikilia.

Boksi ninalosema ni lile ambalo wengi mtaani wanaliita CPU. CPU yenyewe ni prosesa, kachipu kadogo kaliko ndani kanakofanya hesabu za mashine. Nalitaja hili kwa sababu mtu akikwambia "nauza CPU laki tatu", muulize anauza boksi zima au prosesa peke yake. Ugomvi wa namna hiyo nimeshasuluhisha hapa mezani zaidi ya mara moja.

Jina moja, nguvu mbili

Hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kadi ya grafiki ndiyo inayochora picha unayoiona kwenye gemu. Kampuni zinaipa kadi ya laptopu na kadi ya kompyuta ya mezani jina lilelile, lakini si kitu kimoja. Chukua RTX 4070. Ya mezani ina memori ya GB 12 na inakula wati 200. Ya laptopu yenye jina hilohilo ina GB 8, na wati zake ziko chini mno ya hapo. RTX 4090 ya mezani ina GB 24. Ya laptopu ina GB 16, na hata chipu yenyewe ni nyingine, ndogo zaidi. Kwa hiyo ukiona video ya mtu anacheza kwa RTX fulani, angalia kwanza anatumia ya wapi.

Na hata laptopu kwa laptopu hazilingani. RTX 4060 ya laptopu, mtengenezaji anaruhusiwa kuifunga popote kati ya wati 35 na wati 115. Laptopu mbili zikae mezani, kibandiko kilekile, bei zinakaribiana, moja nyembamba kama daftari na nyingine nene. Ile nyembamba inaweza kuwa imefungwa wati chache kwa sababu haina nafasi ya kupoza joto. Ukicheza, utaona tofauti kama ya bajaji na gari.

Utajuaje? Geuza chaja. Chini yake kuna maandishi madogo. Tafuta neno "output". Utaona namba mbili, moja ina V na nyingine ina A. Zizidishe. Chaja iliyoandikwa 19.5V na 11.8A ni wati 230: hiyo ni mashine ya gemu kweli. Iliyoandikwa 19.5V na 3.34A ni wati 65: hiyo ni laptopu ya ofisini, hata ikiwaka taa za rangi saba. Ile laptopu ya kwenye simu ya kijana nilimwambia amwombe muuzaji picha ya chaja. Ilikuja. Wati 65. Mama hakuelewa hesabu, lakini uso wa mwanawe aliuelewa.

Jambo la pili la chaja ni hili: laptopu ya gemu ikichomolewa kwenye umeme, nguvu hushuka sana. Betri haiwezi kutoa wati ambazo kadi inazitaka, kwa hiyo mashine inajibana yenyewe. Mtu akikwambia utacheza gemu nzito ukiwa umekaa kwenye daladala, anakudanganya. Betri itakusaidia kumalizia mechi umeme ukikatika, na kwa Dar hilo si dogo, lakini usiinunue kwa matarajio ya kucheza mbali na soketi.

Joto letu

Mwaka 2019 nilinunua laptopu ya gemu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimepanga chumba Tandika, sina meza, nachezea kitandani. Miezi ya mwanzo mechi ilikuwa inateleza. Kufika Februari, joto limepanda, dakika kumi za kwanza ziko sawa, halafu mchezaji anaanza kuruka-ruka, mpira unaganda hewani, kisha unarudi. Nikadhani ni gemu. Nikaifuta, nikaipakua upya kwa bando la usiku, GB zaidi ya 80. Hali ikabaki vilevile.

Nilipoifungua nikaona. Kati ya feni na hitisinki, yale mabati ya kupozea joto, pale hewa moto inapotokea, kulikuwa na utando wa vumbi na nyuzi za shuka, umejisokota ukawa kama kipande cha blanketi. Nilikitoa kwa koleo ndogo kikatoka kizima, mraba, unene wa sarafu. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote lakini hewa haipiti. Prosesa ikifika karibu nyuzi 100 inapunguza kasi yenyewe ili isiungue, na ile kuganda-ganda ndiyo kupunguza kasi kwenyewe. Nikasafisha, nikabadilisha pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa na kadi, joto likashuka nyuzi 20 na kitu, mechi ikarudi.

Nasimulia hivi kwa sababu laptopu ni prosesa na kadi vimelala ubavu kwa ubavu ndani ya kitu chenye unene wa vidole viwili, na hewa tunayoipeleka humo tayari ina nyuzi 30 na zaidi. Kompyuta ya mezani ina nafasi, ina feni kubwa inayozunguka taratibu, na ukifungua mlango wake wa ubavuni unapuliza vumbi kwa blowa dakika tano, umemaliza. Laptopu unafungua skrubu kumi au zaidi, na ukikosea moja ndefu ukaiweka pa fupi, unatoboa madabodi, ile bodi kubwa inayounganisha kila kitu ndani.

Kama umeamua laptopu, mambo mawili hayana gharama. Usiiweke kamwe kwenye godoro, mto au mapaja. Weka mezani, na chini ya kona mbili za nyuma weka vifuniko viwili vya chupa ya maji, ili tumbo linyanyuke hewa ipite. Pili, ndani ya gemu funga fremu, yaani picha zinazochorwa, zisizidi 60 kwa sekunde kama skrini yako ni ya hezi 60, yaani inaonyesha picha 60 tu kwa sekunde. Fremu za ziada huzioni, ila joto lake unalipata.

Njia ninayowapitisha wenye hela ndogo

Sasa nije kwa mwenye chumba chake. Dereva bodaboda mmoja wa Mbagala aliniletea laki saba, za kudunduliza. Anacheza FC, ile gemu ya mpira, na GTA V, basi. Kwa laki saba laptopu ya gemu ya kuaminika hupati, unapata iliyochoka. Kwa kompyuta ya mezani inawezekana, na njia ni hii: nunua boksi la ofisini lililotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha uongeze kadi ya grafiki isiyohitaji waya wa ziada wa umeme.

Maboksi haya yanaingia mjini kwa wingi kutoka nje baada ya maofisi ya huko kubadilisha vifaa. Ni imara, yameundwa kukaa yamewashwa mchana kutwa. Lakini chagua kwa macho.

Angalia ukubwa wa boksi kabla ya chochote. Yapo ya aina tatu mtaani. Lile dogo kama kitabu kikubwa halina kabisa nafasi ya kadi, liache. Lile la wastani, jembamba, linapokea kadi fupi tu zenye bati nusu, na kadi hizo ni adimu na ghali. Lile refu linalosimama, upana kama wa tofali la bloku, ndilo unalolitaka.

Kisha soma prosesa. i5-4590, tarakimu ya kwanza baada ya alama ni 4, maana yake kizazi cha nne. i5-8500 ni cha nane. Usishuke chini ya cha nne: vizazi vya pili na vya tatu havina maelekezo fulani ya ndani yanayoitwa AVX2, na baadhi ya gemu mpya hazifunguki kabisa bila hayo. Kama hela inafika, panda hadi cha nane, kwa sababu Windows 11 inaanzia hapo kwa upande wa Intel, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayecheza Valorant asikilize zaidi: kwenye Windows 11 gemu hiyo inadai TPM 2.0 na Secure Boot, kinga mbili za ndani ya mashine, viwe vimewashwa, na boksi la zamani litakukwamisha mlangoni.

Halafu pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Maboksi ya ofisini mengi yana ya wati 240 hadi 320, na mara nyingi plagi zake za ndani ni za kampuni yenyewe, huwezi kuchomeka pawa saplai yoyote ya dukani. Kwa hiyo kadi iishi na umeme uliopo. Nafasi ya kadi kwenye madabodi hutoa mwisho wati 75. Kadi zinazotosha humo ni GTX 1050 Ti, GTX 1650 ambazo nyingi ni wati 75 kamili, na kama hela imeongezeka, RTX 3050 ya GB 6 inayokula wati 70. Tahadhari: ipo RTX 3050 nyingine ya GB 8, hiyo inataka waya wake. Na RX 580, ambayo utaiona kwa bei nzuri sana, inataka wati 185. Nyingi zilitumika kuchimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana kabla ya kufika kwako. Ukiifunga kwenye boksi la ofisini, aidha haitawaka au itazima katikati ya mechi.

Usidanganyike na GB peke yake. GT 730 ya GB 4 na GTX 1050 Ti ya GB 4 zote ni "graphics 4GB" mdomoni mwa muuzaji. Ya kwanza ni ya kuonyesha picha ofisini. Ya pili ndiyo kiwango cha chini kilichotajwa rasmi kwa FC 25, pamoja na RAM GB 8 na diski GB 100. Memori ni ukubwa wa ghala, haikwambii kuna wapagazi wangapi.

Kadi bandia nazo zipo. Mtu anachukua kadi ya zamani sana, anaibadilisha programu ya ndani ijitambulishe kama 1050 Ti, anaweka kibandiko. Windows inaamini. Dawa yake ni programu ndogo ya bure inaitwa GPU-Z. Beba kwenye flashi, ifungue pale dukani. Kadi bandia za NVIDIA inazoweza kuzitambua inaziandikia neno FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikataa usichomeke flashi, salimia uondoke.

Dereva wangu alipata boksi refu la kizazi cha nne, RAM mbili za GB 4, SSD, ile diski ya kasi, ya GB 256 ya mfumo na diski ya kawaida ya kuwekea gemu, na GTX 1650 iliyotumika. Nasema RAM mbili za 4 badala ya moja ya 8 kwa makusudi: zikiwa mbili zinafanya kazi sambamba, na gemu inahisi tofauti. Monita alikuwa hana. Hapa ndipo hesabu ya kompyuta ya mezani inapowapotea watu: boksi ni sehemu tu. Kuna monita, kibodi, kipanya, spika au hedifoni, na kifaa cha kupata Wi-Fi kwa sababu maboksi mengi ya ofisini hayana. Tenga hela hiyo kabla hujalinganisha bei na laptopu, maana laptopu inakuja na vyote. Yeye alitumia runinga yake ya nyumbani kwa muda, tukaiweka kwenye hali ya gemu ili vidole na picha visipishane.

Siku ya pili akapiga simu, sauti imeishiwa nguvu. "Kaka, FC inakwama kuliko simu." Nikamwambia anipigie picha ya nyuma ya boksi. Waya wa runinga ulikuwa umechomekwa juu, kwenye tundu la madabodi, si chini kwenye tundu la kadi. Kadi nzima aliyoilipia ilikuwa imelala. Ukikumbuka kitu kimoja siku ya kufunga mashine yako, kumbuka hicho: waya wa skrini unaingia kwenye kadi, kule chini matundu yanapolala mlalo.

Kaswichi kekundu

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipokea boksi lililotoka Marekani. Nikachomeka, nikabonyeza. Mlio kama wa fataki, mwanga wa buluu kwenye matundu ya nyuma, harufu ya plastiki na kitu kichungu kooni, na sakiti breka ya ghorofa nzima ikashuka. Nyuma ya pawa saplai, karibu na plagi, kulikuwa na kaswichi kekundu kadogo. Kalikuwa kwenye 115. Umeme wetu ni volti 230. Boksi lile lilikuwa la mteja, nikalilipa kwa mshahara wa mwezi.

Pawa saplai nyingi za sasa zinajirekebisha zenyewe, hazina hako kaswichi. Lakini ukinunua boksi lililotumika, ligeuze, uangalie. Kama kapo, kawe kwenye 230 kabla plagi haijagusa soketi. Na ukigusa bati la boksi ukahisi mtetemo kama wa sisimizi kwenye ncha za vidole, nyumba yako haina earth, ule waya wa ardhini, au soketi hiyo haijaungwa nayo. Mwite fundi umeme kabla ya kuendelea, kwa usalama wako na wa mashine.

Kwa bili ya umeme, usiogope kuliko inavyostahili. Kompyuta ya mezani ya kiasi pamoja na monita, tuseme wati 300 ukiwa unacheza, saa tatu kila siku: hizo ni uniti 0.9 kwa siku, uniti 27 kwa mwezi. Mimi LUKU ya elfu kumi hunipa uniti 28 hivi, kwa hiyo ni elfu kumi ya mwezi. Laptopu ya wati 130 kwa saa hizohizo ni uniti kama 12, elfu nne na kitu. Tofauti ipo, na mwanafunzi ataihisi, lakini boksi la ofisini lenye kadi ya wati 75 halifiki hata hizo 300.

Kukatika ndiko kunakouma zaidi. Laptopu ina betri, umeme ukiondoka wewe unaendelea. Kompyuta ya mezani inazima palepale, na diski ikiwa katikati ya kuandika, siku moja itaharibu mfumo. Weka UPS, kile kisanduku chenye betri ya akiba. Ujue tu kwamba UPS iliyoandikwa 650VA haibebi wati 650; nyingi zinabeba wati 360 hivi, kwa dakika chache. Kazi yake ni kukupa muda wa kuhifadhi na kuzima vizuri. Usiichomekee feni na pasi.

Ubovu ukija, ukija kweli, tofauti ni kubwa. Kwenye kompyuta ya mezani, kadi imekufa unanunua kadi. Pawa saplai imekufa unabadilisha pawa saplai. Kwenye laptopu kadi imechomelewa kwenye madabodi, na ikifa, mara nyingi unabadilisha madabodi nzima, bei yake inakaribia ya laptopu. Wanaokwambia tutaipasha moto ipone, itapona wiki tatu. Nimewapokea wengi waliotoka huko.

Kabla hujatoa hela

Omba kukaa na mashine nusu saa. Dakika tano hazitoshi, joto halijajaa. Beba flashi yenye GPU-Z, HWiNFO ya kusoma joto, na CrystalDiskInfo ya kuangalia afya ya diski, zote ni za bure. Washa gemu au jaribio lolote zito, halafu sikiliza. Feni kulia kwa nguvu ni kawaida kwa laptopu. Feni kukwaruza si kawaida. Prosesa ikikaa kwenye 80 na kitu ni sawa kwa laptopu, ikigota 97 na kasi ikashuka, inahitaji kusafishwa au ina tatizo. Pitisha kiganja juu ya sehemu ya kipanya: ikiwa imevimba au haibonyezeki, betri imejaa gesi chini yake. Fungua na kufunga kioo mara kadhaa uangalie bawaba. Andikiana risiti yenye namba ya mashine.

Yule kijana wa Dodoma nilimwambia achukue laptopu, mimi ambaye kila siku nawasukuma watu kwenye boksi. Angekaa hosteli, angesafiri na basi, na mama yake alitaka ya kusomea. Tuliipata ya pili baada ya siku nne: nene, imetumika, GTX 1650, chaja ya 19.5V na 7.7A, yaani wati 150, RAM moja ya GB 8 na nafasi ya pili iko wazi. Tukakaa hapa mezani watatu, gemu inakimbia, mama anaangalia namba za joto kwenye skrini kama anaangalia sufuria ya maziwa. Ilipanda hadi 86 ikatulia hapo. Nusu saa ilipoisha akaniuliza, "Sasa hii imepona?" Nikamwambia mama, imepona, ila hela iliyobaki usiimalize, mnunulie RAM ya pili ya GB 8.

Mwezi wa kwanza wa chuo kijana alinitumia picha. Laptopu iko juu ya meza ya mbao, na kona za nyuma zimekaa juu ya vifuniko viwili vya buluu vya chupa ya maji. Nikamjibu kwamba vumbi la Dodoma ni kavu na linapenya kuliko la hapa, asisubiri mwaka uishe. Akija likizo ya kwanza aniletee, tuifungue pamoja, ajifunze kuisafisha kwa mkono wake.